Machungwa ya Mwezi wa Nne

...nani kasema, nani kasema mwezi wa nne, swali dogo namna hiyo, na Bibiana hakuliuliza kwa ubishi hata kidogo, aliliuliza kama mtu anavyouliza njia ya kwenda sokoni, huku anamfungua mtoto mgongoni ampeleke kwenye mizani, "mume wangu akinihoji, dada, nani kasema mtoto aanze maji ya machungwa mwezi wa nne, mimi nimtajie nani?", na kabla Mwanasiti hajapata la kujibu sauti ya Sista Praxeda ikatoka chumbani, mama Ernesti, sogea mlangoni, Bibiana akainuka, akasema "nikirudi utaniambia", akakisukuma kikapu chake kwa mguu kikae karibu na miguu ya Mwanasiti, kama mtu na nduguye, akaenda, na sasa yupo pale mlangoni nyuma ya mwanamke mwenye mtoto anayepiga mateke, na Mwanasiti amebaki kwenye benchi la baraza ya kliniki, Uweso kifuani ananyonya na kumkwaruza shingo kwa vidole vyake vidogo, karatasi juu ya paja, maandishi yake mwenyewe, yamenyooka, wino wa buluu, maji ya machungwa mtoto aanze kupewa mwezi wa nne, ndiyo, na hilo jina la kumpa Bibiana hana... si kitu, atamwambia vitabu vimesema, mume gani atabishana na vitabu, mume mwenyewe mkata mkonge huko njia ya Muheza, mtu mpole kwa maelezo ya mkewe, ataambiwa vitabu na ataridhika, lakini kitabu kipi, kile cha kijani cha serikali kinasema mwezi wa pili, hilo analijua hata akiamshwa usingizini, na cha misheni kinasema mwezi wa pili vilevile, na karatasi ya maziwa ya kopo inasema tangu wiki za mwanzo, na kitabu cha zamani cha Mzee Shekhe kinasema mwezi wa sita, meno yakianza kuchomoza, si kabla... pili, pili, wiki za mwanzo, sita, na nne iko wapi, nne ameitoa wapi... "Mwache atulie," anasema Praxeda ndani, "mwache, mizani haina haraka," na Mwanasiti anamwona kwa upenyo wa mlango ametandika kanga juu ya sinia la mizani, kila mtoto anatandikiwa, maana bati ni baridi na mtoto akishtuka analia, hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, anafanya tu, na kanga ni yake mwenyewe, kila jioni huenda nayo nyumbani kuifua, vitu kama hivyo ndivyo vilivyomfanya Mwanasiti ampende mtu huyu kabla hajajua hata kabila lake, Mbondei, tena wa kucheka kwa sauti, na ndivyo vilivyomfanya akubali siku ile alipoambiwa, ilikuwa mfunguo mosi, watu bado wana harufu ya udi wa sikukuu nguoni, alikuwa amekaa papa hapa anamsomea bibi mmoja tangazo la ukutani, akilisoma polepole kama anajisomea mwenyewe ili yule bibi asione haya mbele ya watu, na Praxeda amesimama nyuma yao kumbe anasikiliza, akamwambia, mama Uweso, umesoma mpaka darasa la ngapi, na Mwanasiti akasema la sita, Sista, nikaolewa, na Praxeda akasema utanifaa, nina kazi ya mtu mwenye macho na huruma, nina vitabu vingi na kila kimoja kinasema lake, na kina mama wananiuliza, nami nimechoka kuwajibu la kitabu nilichokisoma mwisho... Nyuma yake Bi Chiku, mama mkwe wake, anamwambia mwanamke wa jirani, "Mwenzio huyo leo anasimama kusoma, muone alivyotulia, mimi ndiye ninayetetemeka," na yule jirani anasema, "Utetemeke wewe una nini, wewe hata jina lako hulijui likiandikwa," na Bi Chiku anasema, "Nalijua, linaanza kama ndoana," nao wanacheka, na Mwanasiti anatabasamu bila kugeuka, anamjua mama mkwe, amekuja naye kwa miguu tangu Makorora jua limetoka, amembeba Uweso nusu ya njia ili mkwewe asifike na kanga iliyokunjamana, wala hakulisema hilo, alisema tu "nipe huyu, mikono yangu haina kazi"... atamwangusha mama huyu, atasimama mbele ya wanawake wote na mbele ya Bibi Daktari, maana leo Bibi Daktari naye atakaa kusikiliza, na wakiridhika Mwanasiti atakuwa mtu wa hapa, mwenye kiti chake na swali jipya kila vitabu vipya vinapopatikana, jambo analolitaka kwa moyo wake wote na hajamwambia mtu isipokuwa Kombo mumewe, na Kombo alisema "chukua, kazi ya kusoma hainyeshewi mvua"... kwanza swali, alisema Praxeda, kabla hujafungua kitabu uwe na swali, moja, la kushikika mkononi, na Mwanasiti akaenda nyumbani akafikiri, akarudi na swali lake, mtoto aleleweje vizuri, na Praxeda akacheka mpaka kofia yake nyeupe ikahama kichwani, akasema hilo kamuulize Mungu, mama Uweso, punguza, akalipunguza, mtoto ale nini, punguza, mtoto apewe matunda gani, punguza, mpaka likabaki machungwa, kwa kuwa msimu ulikuwa umeingia na magunia yanateremka kutoka Muheza na kwenye benchi hili hili kulikuwa na vita, huyu anasema machungwa yanampa mtoto kikohozi, huyu anasema Wazungu wanawapa watoto wao tangu wakiwa wekundu, na wote wanamgeukia Praxeda... maji ya machungwa, mtoto aanze kupewa lini, hilo likawa swali lake, na jinsi lilivyokuwa dogo alilipenda kama kitu chake cha ndani, akawa anatembea nalo, akisonga ugali analo, akifua analo. Kisha kutafuta, tafuta yote, alisema Praxeda, si yale unayoyapenda, na yale usiyoyapenda yatafute zaidi, na ni Kombo aliyetafuta kuliko wote, Kombo asiyejua kusoma, aliuliza bandarini, aliuliza kwa Mhindi wa duka la dawa Usagara, aliuliza kwa mpishi wa Mzungu mmoja wa reli, jamani nani ana karatasi inayozungumzia watoto wachanga na machungwa, mpaka wapakizi wenzake wakawa wanamwita mama mjamzito, Kombo una miezi mingapi, Kombo unatamani ndimu, naye anacheka nao na anaendelea kuuliza, akaja siku moja na ile karatasi ya maziwa ya kopo ameikunja ndani ya kofia isilowe jasho, akamkabidhi kama mtu anayekabidhi samaki mbichi, na kila alasiri akimchukua Uweso kwenda kumwonyesha treni ili mama yake asome, treni hiyo Uweso ameiona mpaka imekuwa jamaa yake... na Mzee Shekhe, fundi cherehani wa mtaani, alikishusha kitabu chake cha zamani kutoka juu ya rafu ya vitambaa, kitabu alichokileta mkewe marehemu kutoka Unguja, alikokuwa akisaidia hospitali, amekivika jalada la kaniki kwa mkono wake, akasema "kisome, mwanangu, kurasa za katikati zimelegea, zifungue kama unavyomfungua mtoto," na Mwanasiti akalia njiani, kidogo tu, kwa kuwa mzee yule hakuuliza kitarudi lini... na kila kimoja, alisema Praxeda, kiulize, wewe umesema nini, umesema lini, umesikia kwa nani, umewaona watoto wenyewe au umesimuliwa, na unapata nini nikikusikiliza, hilo la mwisho alilisema kwa jicho la pembeni, na karatasi ya maziwa ya kopo ikaaibika papo hapo, maana ilikuwa inampa mtoto machungwa ndani ya maziwa ya kopo, na nje ya maziwa ya kopo haikujua neno, na cha kijani na cha misheni navyo, Mwanasiti alikuwa amevihesabu kuwa ni mashahidi wawili wa mwezi wa pili, ametulia, mpaka Bi Chiku alipoinama juu ya mkeka kutazama picha, mama mwenye kijiko, akasikitika, "huyu hana wa kumfunza, anamlisha mtoto kwa mkono wa kushoto," na alipofunua cha pili, "na huyu naye wa kushoto, au ndiye yule yule kaja na huku?", na ndiye yule yule, picha ile ile, kijiko kile kile, mtoto yule yule amefumba jicho moja, na maneno ya chini yake yamefanana, kimoja kilikuwa kimenakili kingine, na alipompelekea Praxeda habari hiyo Praxeda akasema basi mwezi wa pili una mtu mmoja tu, kasema mara mbili, akamshika bega akasema unaona, unaona sasa kazi ilivyo tamu, na ni tamu kweli, hakuna aliyemwambia Mwanasiti kuwa kusoma kungekuwa hivi, shuleni kusoma kulikuwa kusimama na kutoa sauti, huku ni kukaa na watu barazani, huyu ametoka wapi, huyu kamjuaje yule, huyu mbona ananyamaza tukifika hapa...

"Msogezeeni mama huyo kiti, jamani, si mnamwona mzito," anasema mtu, na benchi linasogea lote, paja kwa paja, mwanamke mjamzito anakaa mwishoni anasema ahsanteni, na kikapu cha Bibiana kinavutwa ndani zaidi na mkono wa Mwanasiti... Bibiana bado yuko pale pale, mtoto wa mbele yake bado anapiga mateke, mshale wa mizani unachezacheza na Praxeda amekunja mikono anangoja, na Ernesti wa Bibiana kichwa kimemlalia bega la mama yake, kichwa kikubwa kwa shingo ile, yuko mwezi wa tatu, kakonda, si mgonjwa, kakonda tu, Bibiana alisema hivyo mwenyewe asubuhi, dada, huyu si mgonjwa, maziwa yangu ni haba, na nyumbani tuna mchungwa mlangoni unaangusha mpaka tunakanyaga, nami sijui nimpe au nisimpe, mama wa jirani kaniambia nitamuua, mimi sisomi, utakachosema wewe ndicho nitakachofanya, na Mwanasiti akamsomea kabla ya wengine, kwa huruma, kwa kunong'ona, mwezi wa nne, na uso wa Bibiana ukafunguka, akaanza kuhesabu kwa vidole, na ndipo akauliza hilo lake... nne, nne ilizaliwa siku ile ya mvua, sasa anakumbuka vizuri, Uweso amelala na vitabu vyote vinne viko juu ya mkeka, na yeye amekaa katikati yake moyo mzito, kwa sababu vilikuwa vimegombana, mwezi wa pili, mwezi wa sita, na kila kimoja kinaongea kwa heshima, kina mama wapendwa, watoto wetu, na hakuna kinachomtukana mwenziwe, lakini wamepeana migongo, na yeye tangu mdogo hawezi kukaa nyumba yenye watu waliopeana migongo, tumbo linamuuma, na akamkumbuka baba yake, Mzee Jumbe, kule Tongoni, siku waliyokuja wale ndugu wawili wa minazi, huyu anasema mpaka uko kwenye mnazi uliopinda, huyu anasema kwenye jiwe, na baba yake akawanywesha kahawa, akawasikiliza mpaka wakachoka na sauti zao, kisha akainuka akaenda akachomeka kijiti katikati, kati ya mnazi na jiwe, akasema kila mmoja amwachie mwenziwe kidogo, na wakaachiana, wakapeana mikono, wakala wote sinia moja, na Mwanasiti aliyekuwa anawapelekea maji ya kunawa aliona baba yake ni mtu mkubwa kuliko liwali, na mpaka leo anaona hivyo... basi naye akachomeka kijiti, pili na sita, katikati ni nne, kila kitabu kimwachie mwenziwe kidogo, akaandika, na moyo ukamtulia, akaenda kuweka sufuria motoni anaimba... lakini ardhi ilikuwa pale, baba, ardhi ukiigawa huyu anapata kipande na huyu anapata kipande, na aliyekosea hafi kwa mnazi mmoja, tumbo la Ernesti unaligawaje, kama mwenye mwezi wa pili kasema kweli basi mtoto wa Bibiana alikuwa anywe tangu juzi, na kama mwenye mwezi wa sita kasema kweli basi asubiri mpaka meno, na ikiwa ni hivi au ni vile, hakuna hata mmoja aliyemwona mtoto wa mwezi wa nne akaandika habari zake, hakuna, nne haina aliyeishuhudia, nne ni ya adabu tu, ni ya Mwanasiti binti Jumbe asiyependa watu wagombane... na ataisoma leo kwa sauti, na wanawake wote hawa watakwenda nayo nyumbani, Makorora, Usagara, mpaka huko mikongeni, mwezi wa nne, kliniki wamesema, na mwaka ujao mtu ataiandika kwenye kijitabu, na mtu mwingine atanakili, na picha ya mama wa mkono wa kushoto juu yake... anahisi joto masikioni, Uweso ameachia ziwa anamtazama, anamrudisha taratibu, nyonya, baba, si wewe... "Mimi na dada yangu," anasema Bi Chiku nyuma, bado wako na mazungumzo yao, "hatujapatana kuhusu uji mpaka leo, yeye anaanza na wa mtama, mimi wa mchele, na watoto wetu wote wanakula kwangu na kwake," na jirani anasema, "Na mnazungumza?" na Bi Chiku anasema, "Tunazungumza kila siku, tutazungumza nini sasa kama tumepatana?" na wanacheka tena, na Mwanasiti safari hii hatabasamu, anasikiliza, wanazungumza kila siku... atasema nini basi, atasimama aseme vitabu havikupatana, hivyo tu, aliyepewa kazi ya kuvikusanya arudi aseme havikupatana, kwao mtu aliyetumwa kusuluhisha akarudi na maneno hayo ni mtu aliyeshindwa, wangesema hakujua kuongea nao, na Bibi Daktari atamwangalia Praxeda kwamba huyu ndiye uliyeniambia, na kile kiti... lakini Praxeda mwenyewe, hebu, wiki ile mtoto wa yule mama wa Kidigo alipotokwa na vipele visivyojulikana, na mama yake amemkazia macho Praxeda kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima, Praxeda alifanya nini, alimgeuza mtoto, akamtazama mgongo, makwapa, akamfunika tena, akasema "mama, hiki sikijui, nisikudanganye, ngoja nimwite anayejua kuliko mimi," na Mwanasiti alikuwepo, alidhani yule mama atakasirika, ametembea mbali kuja kuambiwa sikijui, na yule mama akashusha pumzi, akakaa, akaushika mkono wa Praxeda akaubusu kwa nje, akasema, "Ahsante mwanangu, tumetoka kwa watatu na wote walikuwa wanakijua"... Mwanasiti aliyahesabu maneno yale kuwa wema wa yule mama kwa Praxeda, amekuwa akiyakumbuka hivyo, na leo ndiyo anaona wema ulianza upande wa pili, nisikudanganye, ndiyo ulikuwa wema wenyewe, ulimwacha mama yule na mtoto wake kama walivyo, na njia mbele yao iko wazi... wala Praxeda hakumtuma kusuluhisha, alimwambia lini neno hilo, hakumwambia, alisema viweke ubavu kwa ubavu, ndivyo alivyosema, ubavu kwa ubavu, uone vinapogusana na uone vinapoachana, na uniambie yote mawili, kusuluhisha amekuleta yeye mwenyewe kutoka Tongoni, amekubeba mpaka hapa kama mwali anavyobeba vyombo vya kwao... na vinagusana, mbona vinagusana sehemu nyingi na yeye kwa huzuni ya ugomvi hakuziandika ipasavyo, vyote, hata karatasi ya maziwa ya kopo kwa kujisahau, vinasema chungwa bivu, lioshwe kabla ya kukatwa, kikombe kichemshwe, maji ya kuchanganyia yawe yamechemka yakapoa, kijiko kimoja mwanzoni na utazame, na mtoto akiharisha uache, na vitatu vinasema ziwa la mama kwanza na machungwa baadaye, hayo hakuna anayeyabisha, hayo mtu anaweza kwenda nayo nyumbani, na hapo mwisho vinaachana, mwezi wa pili anasema mmoja, ambaye ni mmoja ingawa utamwona mara mbili, hasemi amewaona watoto gani, na mwezi wa sita anasema mwingine, ambaye kaandika kuwa alikaa nao wodini Unguja, lakini ni zamani, na walikuwa wachache, na huyu wa kopo mjue anauza, na mimi Mwanasiti sijui kati yao nani kasema kweli, mwenye mtoto aliyekonda asisubiri mwezi wa mtu yeyote, amwonyeshe Sista, na Sista akiwa hajui atasema... maneno yanakuja yenyewe, yamejipanga, si marefu, hayana haja ya wino, na jambo la ajabu ni kwamba tumbo haliumi, vitabu vinne vimepeana migongo kichwani mwake na vimekaa, kila kimoja mahali pake, na yeye yuko katikati yake na tumbo haliumi, kama vile sebuleni kwa Bi Chiku na dada yake, mtama huku, mchele huku, na watoto wanaingia na kutoka... Bibi Daktari akitaka kiti chake abaki nacho, hapana, si kweli, anakitaka kile kiti, anakitaka sasa kuliko alivyokitaka asubuhi, kwa sababu kuna maswali mengine, dang'a, kwa mfano, maziwa ya siku ya kwanza, wanaoyamwaga na wasioyamwaga, nani kasema, kwa nani, wamewaona watoto... na ndani Praxeda anasema "haya, baba, umeshinda wewe, piga mateke yako tukungoje," na mshale wa mizani bado unachezacheza, na mwanamke mjamzito anajipepea na ukingo wa kanga, na Bi Chiku amefika kwenye uji wa harusi ya nani sijui, na Bibiana yuko pale pale mlangoni, hajasogea hata hatua, amempa Ernesti bega la pili, na Mwanasiti anautazama mgongo wake, ule ambao punde tu alikuwa anauombea uchelewe kugeuka, na karatasi juu ya paja ameigeuza uso chini, na Uweso ananyonya, na hakuna aliyesema, dada, nne hakuna aliyeisema, ni mimi tu, nilikuwa nawapatanisha, rudi basi, rudi uniulize tena.